Jinsi jani la kale la Tugen lilivyopata jina

JANI likianguka ardhini, aghalabu huoza kabla ya msimu kupita. Hata hivyo, katika vilima vya Tugen, Baringo, yapo majani yaliyofunikwa na jivu la volkeno zaidi ya miaka milioni 12 iliyopita, na mishipa yake ingali inaonekana.

Mwaka 1987, wataalamu Bonnie Jacobs na Christine Kabuye walieleza kwamba majani hayo ni mabaki ya msitu. Miaka miwili baadaye waliyatenga baadhi yake kuwa ya spishi isiyojulikana, wakaiita Pollia tugenensis. Pollia ni jenasi iliyo hai hadi leo, ya ukoo mmoja na gugu ambalo wakulima Wakikuyu huliita mukengeria. Neno la pili ni Kilatini, maana yake 'ya Tugen'.

Kubuni jina ni kazi nyepesi. Kuthibitisha ukoo ndiko kugumu. Anayechunguza mmea hai hutazama ua na tunda, ilhali wa visukuku mara nyingi ana jani tu, tena lililochanika. Nayo majani hudanganya. Mti mmoja huweza kuwa na majani mapana kivulini na madogo juani, huku mimea isiyo na nasaba ikifanana kama shilingi kwa ya pili.

Ndiposa umbo halitoshi. Hukaguliwa ncha, kingo na mwendo wa mishipa, kisha jani hulinganishwa na mimea iliyokaushwa na kuhifadhiwa. Pale ngozi ya juu ya jani inapokuwa imesalimika, kama huko Tugen, hadubini huonyesha jinsi seli zilivyovizunguka vitundu vya kupumulia. Mpangilio huo ni ushahidi mzito kuliko umbo.

Jina nalo halitambuliwi hadi lichapishwe pamoja na maelezo na picha, na kielelezo kimoja kiteuliwe kuwa msingi wake.

Uangalifu huo si wa bure. Pollia za Afrika huota chini ya kivuli cha msitu. Jina likiwa sahihi, linatia nguvu hoja kwamba sehemu hiyo ya Bonde la Ufa, ambayo leo ni kame, ilikuwa na msitu wakati ambapo wengi walidhani nyika ilikuwa imeshatanda Afrika Mashariki. Likiwa limekosewa, hoja hiyo inapoteza shahidi mmoja. Atakayetaka kulipinga hana haja ya kubishana na waliolitoa. Atakiendea kielelezo chenyewe na kukirejesha chini ya hadubini.