Bando Lako, Matangazo Yao

Unapofungua ukurasa wa habari, simu yako haizungumzi na gazeti hilo peke yake. Ukurasa huja na maelekezo ya kwenda kuchukua vitu vingine kwingine, na simu hutii: inatuma ombi huku, ombi kule, mengi yakienda kwa kampuni ambazo hujawahi kuzisikia. Hapo ndipo mnada unapofanyika. Taarifa za aina ya simu yako, mahali ulipo kwa kukadiria na ukurasa unaosoma hupelekwa kwa wanunuzi wa nafasi za matangazo, nao hupandishiana dau hadi mshindi apatikane, kwa kawaida ndani ya milisekunde 100 hivi. Kisha video inaanza kucheza yenyewe, na megabaiti zinazoliwa ni zako.

Kwa anayejiunga na bando la siku, iwe Mwanza au Mombasa, hili ni suala la fedha. Amelipia kusoma habari, kumbe amelipia pia usafiri wa tangazo asiloliomba. Ndiyo maana sikubaliani na wanaomwita mwizi mtu anayezuia matangazo. Kuamua simu yako itume ombi gani na iache lipi ni haki yako.

Mambo hayakuanza hivi. Bango la tangazo la kampuni ya AT&T lililowekwa kwenye tovuti ya HotWired tarehe 27 Oktoba 1994 lilikuwa picha tu, limekaa mahali pake. Miaka michache baadaye Ethan Zuckerman, akifanya kazi katika kampuni ya Tripod, aliandika msimbo wa kufungua tangazo katika dirisha lake lenyewe. Mwaka 2014 aliomba radhi hadharani. Kufikia 2002 kero ilikuwa imeshazaa dawa: mwanafunzi wa Denmark, Henrik Aasted Sørensen, aliandika Adblock kwa ajili ya kivinjari ambacho baadaye kilikuja kuitwa Firefox.

Programu za kuzuia matangazo hufanya kazi kwa orodha. Inayojulikana zaidi ni EasyList, iliyoanza mwaka 2005. Ina makumi ya maelfu ya kanuni, na wanaoitunza wengi ni watu wa kujitolea. Kanuni moja inaweza kuandikwa hivi:

||matangazo.example^

Mistari miwili ya wima inamaanisha “tovuti yenye jina hili pamoja na matawi yake yote”; alama ya mwisho inaonyesha kwamba jina limeishia hapo. Kila simu inapotaka kutuma ombi, programu hulipima kwanza kwa kanuni hizi. Likilingana, haliondoki. Hakuna picha itakayopakuliwa wala video, na kampuni ya upande wa pili haitajua kwamba umepita.

Kanuni ya aina ya pili huandikwa ##.tangazo. Hii haizuii ombi lolote. Hufuta tu kisanduku kwenye kioo. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu tangazo lililofichwa baada ya kupakuliwa limekwisha kula bando. Programu nzuri hutumia njia zote mbili, lakini kuzuia ndiko kunakookoa data.

Usalama nao umo. Desemba 2022, FBI ya Marekani iliwaonya watu kuhusu matapeli wanaonunua matangazo kwenye matokeo ya utafutaji na kujifanya kampuni halali. Miongoni mwa ushauri wake ulikuwa kutumia programu ya kuzuia matangazo.

Hata hivyo, si kila kivinjari kitakukubalia. Chrome ya Android haipokei viendelezi, yaani programu ndogo za kuongezwa kwenye kivinjari, na kwenye kompyuta Google imebadilisha utaratibu wake kiasi kwamba programu ya kuzuia matangazo ya uBlock Origin, kazi ya Raymond Hill, imebaki huko katika toleo jepesi tu. Sioni ajabu: kampuni inayoishi kwa matangazo ndiyo inayotengeneza kivinjari. Firefox ya Android bado inaipokea uBlock Origin kamili. Njia nyingine ni mpangilio wa DNS ya faragha (DNS ni huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani), uliopo kuanzia Android 9. Ukiandika humo jina la seva ya DNS inayozuia matangazo, seva za matangazo hazitafikiwa hata ndani ya programu nyingine za simu. Kwa YouTube mpangilio huo hausaidii, kwa kuwa matangazo yake hutoka kwenye seva zilezile za video.

Wapo wanaoumia, na si haki kuwapuuza. Mwandishi wa gazeti dogo la mtandaoni hulipwa kwa matangazo hayohayo. Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua mwaka 2018 kwamba programu ya kuzuia matangazo ya Adblock Plus ni halali, lakini hukumu haimlipi mwandishi. Kwa hiyo tovuti unayoiamini, ambayo matangazo yake hayarukiruki wala hayapigi kelele, iruhusu. Ni kubofya mara moja tu.

Ukienda kupakua, soma jina la mtengenezaji kwa makini. Mwaka 2018 kampuni ya AdGuard ilifichua programu tano bandia za kuzuia matangazo kwenye duka la Chrome, zilizokuwa zimewekwa na watu zaidi ya milioni 20.

Nanyi wenye tovuti, ondoeni video zinazoanza zenyewe. Rudisheni tangazo lililotulia mahali pake, msomaji alione bila kulipishwa, na wengi wetu tutaliacha lionekane.