Urefu wa mtunzi Tavener ulivyobeba siri ya moyo

Septemba 6, 1997, mamilioni ya watu duniani walikuwa mbele ya televisheni wakifuatilia mazishi ya Bintimfalme Diana katika kanisa la Westminster Abbey, London. Jeneza lilipokuwa likitolewa, kwaya iliimba wimbo wa taratibu, wenye sauti nzito za chini zinazodumu kama mvumo.

Aliyeutunga ni Mwingereza John Tavener. Wimbo huo, ‘Song for Athene’, aliuandika mwaka 1993 kumuenzi binti wa familia rafiki aliyefariki kwa ajali ya baiskeli. Wakati huo Tavener mwenyewe alikuwa akiishi na ugonjwa wa kurithi, ambao alikaa nao zaidi ya miaka 40 bila kuujua.

Kijana mrefu mwenye kipaji

Tavener alizaliwa Januari 28, 1944, Wembley, London. Baba yake alikuwa mjenzi aliyepiga kinanda kanisani, na kijana huyo alikwenda kusoma katika chuo cha muziki cha Royal Academy of Music.

Akiwa na miaka 24, kazi yake ‘The Whale’ ilimpa umaarufu, na baadaye ilirekodiwa na kampuni ya muziki ya kundi la The Beatles. Mwaka 1982 alitunga ‘The Lamb’, zawadi kwa mpwa wake aliyekuwa akitimiza miaka mitatu. Hadi leo kwaya nyingi huuimba wakati wa Krismasi.

Popote alipoingia, watu walimtambua kwa urefu wake, wembamba na mikono mirefu. Hayo yalionekana kuwa maumbile tu.

Kiharusi kabla ya uzee

Akiwa katika miaka ya 30, umri ambao wengi hawautarajii, Tavener alipata kiharusi. Ilipofika mwaka 1990, madaktari waligundua kwamba ana ugonjwa wa Marfan, na katika miaka hiyo ya 40 alifanyiwa upasuaji wa moyo.

Ugonjwa huu hutokana na hitilafu ya kinasaba kinachohusika na protini inayoshikilia sehemu za mwili, kama saruji inavyoshika matofali. Saruji ikiwa dhaifu, mifupa hurefuka kupita kawaida, macho huathirika, na mshipa mkuu wa damu unaotoka kwenye moyo hutanuka taratibu. Ukichanika, maisha huwa hatarini ndani ya muda mfupi.

Inakadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya 5,000 ana ugonjwa huu. Mzazi mwenye nao ana uwezekano wa asilimia 50 wa kumrithisha kila mtoto anayemzaa. Hata hivyo, takriban robo ya wagonjwa huwa wa kwanza katika familia zao.

Mzazi aangalie nini?

Urefu peke yake si ugonjwa. Wasiwasi uanze dalili kadhaa zinapokutana kwa mtoto mmoja:

• Mikono, miguu na vidole virefu na vyembamba kuliko kawaida.
• Kifua kilichobonyea ndani au kuchomoza mbele.
• Uti wa mgongo uliopinda.
• Kutoona mbali kwa kiwango kikubwa tangu utotoni.
• Ndugu wa damu aliyefariki ghafla kwa tatizo la moyo akiwa bado kijana.

Mtoto wa aina hii mara nyingi huitwa “mlingoti” na wenzake, na mambo huishia kwenye utani. Ni vyema apelekwe hospitali apimwe macho na moyo, hasa kwa kipimo cha eko kinachoonyesha upana wa mshipa huo.

Ugonjwa hauna tiba ya kuumaliza, lakini unadhibitiwa. Zipo dawa za kupunguza nguvu ya damu inayosukuma mshipa, ushauri wa kuepuka michezo ya kugongana na kunyanyua vitu vizito, na upasuaji kabla mshipa haujachanika. Mwanamke mwenye Marfan anashauriwa kumuona daktari kabla ya kubeba ujauzito.

Miaka 23 baada ya jibu

Baada ya kujua ugonjwa wake, Tavener alioa, akapata watoto watatu, na mwaka 2003 akaja na kazi inayoimbwa kwa takriban saa saba usiku kucha. Mwaka 2007 mshtuko wa moyo ulimlaza mahututi, lakini alirejea kuandika.

Alifariki Novemba 12, 2013 akiwa na miaka 69, nyumbani kwake Dorset.