Acha kuzunguka na kalamu: Skripti fupi yatosha kuhesabu swichi zote

UKIENDA kufanya mafunzo ya kazini katika idara ya IT ya chuo, hospitali au ofisi ya kaunti, kuna kibarua ambacho ni nadra kukukwepa: kuhesabu vifaa.

Unapewa kalamu, karatasi na funguo za makabati, kisha unatumwa jengo baada ya jengo ukasome vibandiko vya swichi, vile visanduku vinavyounganisha tarakilishi, simu na printa katika mtandao mmoja. Zingine zimefungwa huko juu karibu na dari. Zingine kibandiko kimefubaa hadi huwezi kujua kama ile ni herufi O au sufuri.

Wiki moja baadaye orodha imekamilika, lakini imeshapitwa na wakati. Swichi mbili zimehamishwa na moja imeungua.

Wakati huo wote, swichi zenyewe zilikuwa na majibu. Swichi nyingi za maofisini zinajua muundo wao, nambari yao ya mfululizo, toleo la programu zinazotumia na hata vipuri vilivyochomekwa ndani. Zinangoja tu kuulizwa, na skripti inaweza kuziuliza zote kwa mpigo mmoja.

Si orodha ya kujaza faili tu

Katika mwongozo maarufu wa usalama wa mitandao wa CIS, hatua ya kwanza kabisa ni kuwa na orodha ya vifaa. Mantiki yake ni rahisi: huwezi kulinda usichojua kwamba unacho.

Swichi ambayo mtengenezaji ameacha kuitolea marekebisho ya usalama ni mlango usiofungwa. Na swichi inapotoweka, mkaguzi wa mali atakapokuja, maswali yataelekezwa kwa kijana wa IT. Bila rejista ya kuaminika, huna cha kujitetea.

Inavyofanya kazi

Tuchukue swichi za Cisco, ambazo zimeenea sana. Ukiingia ndani yake na kuandika amri "show inventory", inakujibu kwa jina la kila sehemu, maelezo yake, muundo na nambari ya mfululizo. "Show version" inakuonyesha toleo la programu na muda ambao kifaa kimekuwa kikifanya kazi bila kuzimwa.

Skripti inarudia hatua hizo hizo ambazo ungefanya kwa mkono. Wengi hutumia Python, lugha ya programu ya Guido van Rossum iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1991, pamoja na Netmiko, maktaba ya bure iliyoanzishwa na Kirk Byers. Skripti inasoma anwani za IP kutoka kwa faili, inaingia katika kila swichi kupitia SSH, inatoa amri, inachambua jibu na kuandika mstari mmoja katika jedwali. Kisha inahamia swichi inayofuata.

Piga hesabu. Tuseme una swichi 60 na kila moja inakuchukua dakika tano kwa mkono. Hizo ni saa tano, bila kuhesabu kupanda ngazi. Skripti ikitumia sekunde 10 kwa kila moja, dakika 10 kazi kwisha.

Kama mtandao wako una vifaa vya kampuni tofauti, kuna SNMP, lugha ya usimamizi ambayo vifaa vingi vinaielewa. Tumia toleo la tatu. Matoleo ya kwanza na ya pili hupitisha neno la siri mtandaoni bila kulificha.

Kuna utamu mwingine. Nambari nyingi za Cisco zenye herufi na tarakimu 11 hufichua umri wa kifaa. Tatu za kwanza ni mahali kilipotengenezwa, mbili zinazofuata ni mwaka, na mbili nyingine ni wiki. Chukua tarakimu za mwaka, ongeza 1996. Ukiona 14, kifaa ni cha 2010. Hapo unaweza kumwonyesha bosi ni zipi za kubadilishwa kwanza.

Mitego ya kuepuka

Usiandike nywila ndani ya skripti. Ifanye ikuulize kila unapoiendesha, na uombe akaunti ya kusoma tu, isiyoweza kubadilisha kitu.

Hakikisha swichi moja ikikataa kujibu, skripti inaandika kosa hilo na kuendelea, badala ya kusimama. Orodha ya zilizokataa nayo ni habari muhimu: huenda zimezimwa, au ni za kale mno kiasi kwamba hazielewi SSH ya kisasa.

Swichi zilizounganishwa pamoja zinaweza kutumia anwani moja ya IP. Ukihesabu anwani badala ya nambari za mfululizo, swichi nne zitaonekana kama moja.

Pia, chunga Excel. Nambari inayoanza na sufuri hupoteza sufuri hiyo, na yenye herufi E katikati ya tarakimu inaweza kugeuzwa kuwa hesabu ya kisayansi. Weka safu hiyo iwe ya maandishi kabla ya kuingiza data.

La mwisho si mchezo. Pata ruhusa, ikiwezekana kwa maandishi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inasema anayeingia katika mfumo bila idhini anaweza kutozwa faini ya hadi Sh5 milioni, kufungwa hadi miaka mitatu, au yote mawili. "Nilikuwa najifunza tu" haitakuokoa.

Je, skripti itakunyima kazi?

Hapana. Skripti haioni swichi iliyo stoo ndani ya katoni, wala haijui kabati liko chumba gani au nani alitia saini kuichukua. Bado kuna kutembea, ila sasa unakwenda panapohitajika tu.

Faida kubwa huja mwezi wa pili. Linganisha orodha ya leo na ya mwezi uliopita, na skripti ikuonyeshe nini kimeongezeka na nini kimepotea. Swichi ikitoweka, utajua mapema, sio siku ya ukaguzi.

Kama huna swichi ya kujaribia, GNS3 ni programu ya bure inayokuwezesha kujenga mtandao wa kuigiza kwenye tarakilishi yako. Anza na kifaa kimoja na amri moja. Ikifanya kazi, ongeza cha pili. Na ukimaliza mafunzo yako, waachie skripti hiyo pamoja na maelezo ya kuitumia, ili anayekuja nyuma yako asianze tena na kalamu.