Bima ya Mgonjwa Anayehamia Ng'ambo: Wiki Zisizo na Mlipaji

Mgonjwa wa kliniki ya kisukari anapomweleza muuguzi kwamba mwezi ujao atahamia Ujerumani, mara nyingi mazungumzo huishia kwenye swali moja: apewe dawa za muda gani? Swali hilo ni la lazima, lakini halitoshi. Kati ya siku anayoaga kliniki yake na siku bima ya nchi aendayo inapoanza kumhudumia, kuna kipindi ambacho huenda asiwe na wa kumlipia. Makala haya yanahusu kipindi hicho.

Watu wengi huchanganya bima ya safari na bima ya afya. Bima ya safari imetungwa kwa ajili ya mtu atakayerudi nyumbani. Mathalani, mwombaji wa viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen, yaani isiyozidi siku 90, hutakiwa kuwa na bima ya angalau yuro 30,000 inayogharimia matibabu ya haraka, kulazwa kwa dharura, na kurejeshwa nyumbani akiugua au akifariki. Kliniki ya kila mwezi haimo. Anayehamia anahitaji kuingia katika utaratibu wa afya wa nchi anayokwenda, na kila nchi ina mlango wake.

Uingereza hutoza kabla ya safari. Anayeomba viza ya zaidi ya miezi 6 hulipa tozo ya afya ya pauni 1,035 kwa mwaka, au pauni 776 ikiwa ni mwanafunzi au mtoto wa chini ya miaka 18, na hulipa miaka yote ya viza kwa mkupuo. Wauguzi na madaktari wanaokwenda kwa viza ya wahudumu wa afya wamesamehewa. Aliyelipa hutibiwa katika huduma ya taifa, NHS, na ugonjwa wake wa zamani haumfungii mlango. Hata hivyo, dawa za kuandikiwa hulipiwa kule England. Mwenye kisukari anayetumia dawa anaweza kuomba cheti cha msamaha. Mwenye shinikizo la damu, kwa ugonjwa huo pekee, hapati.

Ujerumani humwingiza mwajiriwa katika mfuko wa bima wa kisheria. Mchango wa msingi ni asilimia 14.6 ya mshahara, pamoja na nyongeza ya kila mfuko, na mwajiri huchangia nusu. Mfuko huo hauruhusiwi kumkataa mtu kwa sababu ya maradhi. Tatizo ni tarehe: bima huanza pamoja na ajira. Aliyewasili wiki tatu kabla ya siku ya kwanza kazini hana budi kujikinga mwenyewe kwa wiki hizo. Katika jimbo la British Columbia nchini Kanada pengo ni refu zaidi, kwa kuwa mgeni husubiri mwezi aliowasili umalizike, kisha miezi miwili mingine. Aliyefika tarehe 5 Machi hungoja hadi tarehe 1 Juni.

Pengo hilo huzibwa kwa bima ya binafsi ya muda, na hapa ndipo wagonjwa wetu hujikwaa. Mikataba mingi ya namna hiyo huondoa magonjwa yaliyokuwapo kabla ya kujiunga, na baadhi huondoa ujauzito ulioanza kabla. Kwa hiyo ukurasa wa kusoma kwanza ni ule wa mambo yasiyolipiwa, kabla ya ule wa bei. Baada ya hapo mgonjwa aulize kikomo cha malipo, kiasi ambacho yeye mwenyewe hutangulia kulipa, na kama ni lazima kupiga simu kwa kampuni kabla ya kulazwa.

Kwa kuogopa kukataliwa, wapo wanaojaza fomu wakijibu kwamba hawana ugonjwa wowote. Wapo pia wanaomwomba daktari aandike barua isiyotaja kisukari. Ombi hilo hutolewa kwa unyenyekevu, na si rahisi kulikataa, lakini kulikubali ni kumdhuru mgonjwa. Siku atakapolazwa, kampuni ya bima inaweza kudai kumbukumbu zake za matibabu. Ikikuta miaka ya vipimo vya sukari ambavyo hakuvitaja, inaweza kukataa dai lote, na deni la hospitali likamwangukia yeye. Ni afadhali alipe ada kubwa zaidi kwa mkataba unaoutambua ugonjwa wake au, ikiwezekana, asogeze tarehe ya safari ili pengo lifupike.

Barua inayomfaa mgonjwa ni fupi. Itaje utambuzi wa ugonjwa na mwaka ulipogunduliwa, majina ya kitaalamu ya dawa badala ya majina ya biashara, dozi, matokeo ya vipimo vya karibuni na mzio kama upo. Iandikwe kwa lugha inayosomeka huko aendako. Mgonjwa aiweke kwenye begi la mkononi pamoja na dawa zenyewe, hasa insulini, ambayo ikiwekwa kwenye mizigo ya chini ya ndege inaweza kuganda na kuharibika. Nakala ibaki katika jalada la kliniki, ikiwa na anwani ya barua pepe ya kliniki, ili daktari wa huko akihitaji kuuliza jambo ajue pa kuandikia.