Wafuasi Elfu Ishirini, Mteja Hakuna

"Wafuasi elfu kumi ni bei gani?" Swali hili naulizwa na wenye nyumba za wageni wa Magarama, wauza vitenge wa soko la Gitega, mafundi seremala, mama lishe, na wafanyabiashara wa Muyinga wanaopitisha mizigo Kobero. Juzi kaniuliza mtu mwenye duka la betri za pikipiki. Nimechoka kulijibu kwa mmoja mmoja, kwa hiyo leo nalijibu kwa wote: sina bei, kwa kuwa hakuna kinachouzwa hapo. Wafuasi wa kununua si wateja, na wengi wao si watu.

Tuanze na hesabu ambayo hata mtoto wa shule ya msingi ataiweza. Sensa ya mwaka 2008 ilihesabu watu takriban 42,000 katika mji wa Gitega, na mji wa Muyinga haukufikisha hata 10,000. Miji hii imekua sana tangu hapo, hasa Gitega baada ya kufanywa mji mkuu wa kisiasa. Sawa, ikuze mara mbili, ikuze mara tatu. Toa watoto wachanga, toa wazee wasiogusa simu za kisasa, toa wasio na hela ya kununua mega za intaneti kila siku, halafu toa wote wasiohitaji kulala nyumba ya wageni kwa sababu wana kwao palepale. Sasa niambie, huyu kijana aliyekuahidi wafuasi elfu ishirini ndani ya wiki moja atawatoa kata gani? Muulize. Mimi nimewauliza wengi, na jibu ni lilelile: "Ni wa kimataifa." Chumba chako kiko Gitega. Mtu wa kimataifa asiyejua Gitega iko wapi hatakilala.

Biashara yenyewe inaendeshwa hivi. Kuna tovuti za jumla zinazouza laiki, wafuasi na hata maoni kwa mafungu ya elfu moja moja. Wanaozaa namba hizo ni programu zinazoendesha akaunti bandia, au watu wa nchi za mbali wanaolipwa visenti kubofya kutwa nzima. Kijana wa mtaani kwako ananunua pale kwa bei ya jumla, anakuuzia kwa rejareja, na anajiita mtaalamu wa masoko ya mtandaoni. Kazi yake inakwisha pale anapobandika linki ya ukurasa wako na kubonyeza mara moja. Wewe unamtumia hela kwa Lumicash, kesho yake unaona namba imepanda, unafurahi. Baada ya miezi michache Facebook inafagia na namba inashuka. Unampigia simu, naye anakuuzia dawa ya pili, eti ya "kuzuia wafuasi wasianguke". Hapo umeuziwa mbuzi kwenye gunia mara mbili na mtu yuleyule.

Sisemi haya kwa wivu wa kazi. Mwaka 2012 mwandishi wa BBC, Rory Cellan-Jones, alibuni kampuni ya uongo iliyoitwa VirtualBagel, iliyodai itakutumia mikate kwa njia ya intaneti. Alilipia tangazo halali la Facebook, si la mtaani, akalielekeza nchi nyingi kwa pamoja, kuanzia Marekani na Uingereza hadi Misri, Indonesia na Ufilipino. Kwa siku chache alipata laiki zaidi ya 3,000. Zilizotoka Uingereza na Marekani zilikuwa za kuhesabika. Nyingi zilitoka Misri, Indonesia na Ufilipino, nyingine kwenye akaunti zilizokuwa zimependa maelfu ya kurasa. Kumbuka, mkate wenyewe haukuwepo na hauwezi kuwepo. Watu elfu tatu waliupenda, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na njaa.

Miaka michache baadaye, Januari 2018, gazeti la New York Times lilianika kampuni ya Kimarekani iliyoitwa Devumi, iliyouza wafuasi bandia wa Twitter kwa mamilioni. Walionunua walikuwa wanasiasa, wanamichezo, waigizaji na wafanyabiashara, tena watu wenye washauri wa kulipwa. Kampuni ikafungwa, na mwaka 2019 mwenye nayo akabanwa na mamlaka za Marekani. Mwaka 2024 tume ya biashara ya nchi hiyo ilipitisha kanuni inayopiga marufuku kuuza au kununua wafuasi bandia na maoni bandia kwa ajili ya biashara. Facebook nayo ilitangaza kwamba katika miezi mitatu tu ya mwisho ya mwaka 2020 iliondoa akaunti bandia zaidi ya bilioni 1.3. Soma tena, bilioni. Humo ndimo wafuasi wako wanamotoka, na humo ndimo wanamorudi.

Hapa hunijia jibu ninaloliogopa kuliko yote: "Najua si wa kweli, lakini mteja akiona namba kubwa ataniamini." Hebu tuufungue ukurasa kama huo pamoja. Juu pameandikwa wafuasi 20,000. Chini kuna picha ya kitanda chenye chandarua cha bluu, laiki tatu: moja ya mwenye nyumba, moja ya shemeji yake, moja ya kijana aliyemuuzia wafuasi. Kwenye maoni kuna mtu wa jina lisilotamkika aliyeandika "picha nzuri" kwa Kiingereza. Chini yake kuna mtu wa Ngozi ameuliza, kwa Kirundi kizuri kabisa, chumba ni faranga ngapi na kama kuna sehemu ya kuegesha gari. Aliuliza mwezi uliopita. Hajajibiwa.

Yule wa Ngozi ndiye mteja. Alikuwepo, alikuwa na gari, alikuwa na hela, na alitafuta ukurasa huo bila kulipiwa na mtu. Mwenye nyumba hakumwona kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye namba ya juu. Na mteja wa leo si mjinga kama tunavyomdhania. Anajua kupiga hesabu ya elfu ishirini juu na laiki tatu chini, na anajua maana yake ni kwamba mwenye biashara hii yuko tayari kumdanganya. Ukimdanganya kwenye namba, kwa nini akuamini kwenye maji ya moto?

Hasara haiishii kwenye aibu. Facebook haimwonyeshi kila mfuasi kila unachoweka. Inakadiria nani atavutiwa, na inaangalia waliokwishaona wamefanya nini. Ukijaza ukurasa wafuasi wasiosoma, wasiouliza, wasiobofya, unaiambia mashine hiyo kila siku kwamba posti zako hazina maana, na wale mia mbili wa kweli uliowapata kwa jasho wanaanza kutokuona. Kisha siku unapoamua kulipia tangazo halali na kuchagua lionyeshwe kwa "watu wanaofanana na wafuasi wangu", unalipia kutafutiwa bandia wengine. Kuondoa uchafu huo ni kazi ya kuchosha. Mara nyingi nawashauri watu wauache ukurasa huo na kufungua mwingine.

Ipo dawa nyingine ya aina hii, na kwa maoni yangu ni mbaya zaidi: kuuziwa ukurasa uliokwisha kuwa na wafuasi. Masharti ya Facebook yanakataza kuuza kurasa, lakini hilo liache. Kila ukurasa una sehemu ya uwazi ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua. Inaonyesha ukurasa ulianzishwa lini, umebadilishwa jina mara ngapi, na wanaousimamia wako nchi gani. Mteja wako akibonyeza hapo atakuta hoteli yako ya Gitega ilizaliwa kama ukurasa wa mashabiki wa mpira, ikawa ukurasa wa maneno ya mapenzi, kisha ikawa hoteli. Msimamizi wake mmoja bado yuko nchi usiyoijua, na siku akitaka atakutoa nje ya ukurasa wako mwenyewe.

Haya, hayo yatosha. Sasa yale yanayofanya kazi, nayo hayahitaji maneno mengi.

Fungua WhatsApp Business. Ni ya bure, na wateja wako wa Burundi wako WhatsApp tayari. Weka katalogi yenye picha, jina na bei. Weka ujumbe wa kujibu usiku ukiwa umelala. Unaweza kutuma tangazo kwa orodha ya watu hadi 256 kwa mara moja, lakini linawafikia waliohifadhi namba yako tu, kwa hiyo kila anayekuja dukani mwombe aihifadhi palepale, mbele yako. Washa uthibitisho wa hatua mbili, na ile namba ya tarakimu sita inayokuja kwa ujumbe usimpe mtu hata akijiita mfanyakazi wa mtandao wa simu.

Namba ya simu iandikwe na 257 ya Burundi mbele. Wafanyabiashara wa Muyinga, hili ni lenu: mteja wa Ngara au Kahama akiona tarakimu nane tu hawezi kuipiga. Na saa za kazi ziandikwe "saa za Burundi", kwa sababu Tanzania iko mbele kwa saa moja, na dereva wa lori akifika saa moja kabla hamjafungua hatangoja.

Jiandikishe kwenye ramani ya Google. Ni bure pia, ingawa wataomba uthibitishe, mara nyingi kwa video inayoonyesha mlango, bango na ndani ya duka. Ipige mchana, umeme uwepo au usiwepo. Google yenyewe inasema hakuna malipo yanayompandisha mtu kwenye matokeo hayo ya mahali. Inaangalia kinachotafutwa, umbali, na jinsi unavyojulikana. Kwa hiyo anayekuuzia "nafasi ya kwanza Google" ni binamu wa yule wa wafuasi. Bandika alama mlangoni pako hasa, si katikati ya mji, kisha taja kitu kinachojulikana jirani, maana huku hakuna anayetafuta kwa namba ya nyumba. Waombe wateja halisi waandike maoni. Halisi, sio wapwa zako. Na kama bado umeandika "mkoa wa Muyinga", rekebisha: tangu mikoa 18 ilipopunguzwa kuwa 5 mwaka 2025, Muyinga iko mkoa wa Buhumuza.

Lugha: andika Kirundi kwa wa hapa, Kiswahili kwa wa mpakani na madereva, Kifaransa kama unataka ofisi na mashirika wakuletee wageni wa semina. Sentensi mbili kwa kila lugha zinatosha. Picha zipunguze kabla ya kuziweka. Picha ya simu ya mega tatu au nne inamla mteja bando na mtandao wa huku unaujua mwenyewe ulivyo. Andika unapokea Lumicash au EcoCash, na jina litakalotokea mteja akituma, ili asisite.

Tovuti? Duka la vitenge halihitaji. Nyumba ya wageni inayotaka watu wa Bujumbura, wa nje ya nchi na wa mashirika inahitaji, tena ukurasa mmoja tu: vyumba, bei, ramani, namba. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako, si ya fundi. Fundi akihama au mkigombana, utajikuta unaomba jina la biashara yako kwa mtu mwingine. Hili nimeliona mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Tangazo la kulipia linafaa, dogo, la mji wako na vijiji vya jirani, kwa siku chache kabla ya harusi, sikukuu au semina kubwa. Ni wachache wenye kadi ya kulipia dola, kwa hiyo utamtumia mtu mwenye nayo. Sawa, lakini tangazo liendeshwe kwenye ukurasa wako, uone mwenyewe kwenye simu yako limeonyeshwa mji gani, kwa watu wangapi, na wangapi wamekuandikia. Atakayekataa kukuonyesha hayo usimlipe. Kisha hesabu kitu kimoja tu: wangapi walipiga simu au kuandika wakiulizia kununua. Waulize wamekupata wapi, uandike kwenye daftari la mauzo, pembeni ya bei.

Na kuhusu bei, iandikeni. Acheni hii tabia ya "bei njoo inboksi". Mtu wa Karuzi anayepanga safari ya Gitega kesho asubuhi hana muda wa kubembelezana na wewe saa nne za usiku apate kujua chumba ni faranga ngapi. Atalala kwa jirani yako aliyeiandika.