Mhandisi wa maji aliyefika meza ya amani

Ukiuliza mtaani ni nani wa Garissa amefika juu, utatajiwa wanasiasa tu. Wachache watakwambia Mahboub Maalim, na kama unaota kuwa balozi siku moja, huyo ndiye ningekwambia umsome kwanza.

Hakuanza na suti za mikutano. Ni mhandisi. Aliratibu mradi wa serikali wa maeneo kame, kisha akawa katibu wa kudumu Wizara ya Maji. Mwaka 2008 akapewa ukatibu mtendaji wa IGAD, makao makuu Jibuti, akakaa hapo miaka 11.

Mtu wa maji ameingiaje huko? Buda, IGAD yenyewe ilianzishwa 1986 kwa sababu ya ukame. Mambo ya amani yaliongezwa 1996. Na kama umekulia Garissa unajua hayo mawili hayaachani. Malisho yakiisha watu wanahama, wakihama wanakutana kisimani na wengine wenye kiu, na hapo ndipo bunduki hutoka. Ukame wa 2011 ulipopiga, Wasomali walimiminika Dadaab, ndani ya kaunti hiyo hiyo ya Garissa.

Halafu Sudan Kusini. Vita vilizuka Desemba 2013, IGAD ikaita pande zote Addis Ababa. Wapatanishi walikuwa wengine, akina Seyoum Mesfin na Jenerali Lazaro Sumbeiywo, lakini sekretarieti ilikuwa yake. Salva Kiir akatia saini Agosti 2015 huku analalamika. Julai 2016 Juba ikawaka tena. Wakarudi mezani hadi mkataba mwingine, Septemba 2018. Kwangu mimi diplomasia ndiyo hiyo: unasuka, inafumuka, unasuka tena, na hakuna anayekupigia makofi. Mwaka 2019 Workneh Gebeyehu wa Ethiopia akachukua kiti.

Sasa wewe. Miaka yote hiyo mtu wa Garissa akiongoza ofisi ya kanda nzima, kijana wa Garissa alikuwa anasimamishwa mbele ya kamati ya msasa athibitishe ni Mkenya ndiyo apate kitambulisho. Agizo la kuondoa msasa huo lilitiwa saini Wajir, Februari 2025. Bila kitambulisho hakuna pasipoti, na bila pasipoti Jibuti utaiona kwa simu tu. Kama chako bado, beba cheti cha kuzaliwa uende kwa msajili wiki hii. Wakikurudisha kwa kamati, waulize lile agizo la Wajir liliishia wapi.