Darasa ni ya komini, mwalimu ni wa Kinshasa

Kolwezi, Fungurume ao Likasi, kila siku unasikia ulizo moja: makuta ya madini inaendaka wapi? Jibu liko mu sheria. Tuisome pamoja, maana inatugusa sisi wote, wa mgodini na wa nyumbani.

Sheria ya madini ya 2018 inasema hivi: ku kila dola 100 za redevanse, ule ushuru kampuni inalipa juu ya madini yenye inauzisha, 50 zinaenda ku serikali kuu, 25 ku jimbo, 15 ku komini, sekta ao sheferi penye madini yanachimbwa, na 10 ku mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa sheria ya 2002, makuta yote ilipita kwanza mu kasha ya Leta, na mara nyingi sehemu ya komini ilikawia njiani. Leo kampuni inalipa kila mmoja ku konti yake.

Ni hatua nzuri. Lakini makuta imegawanyika, kazi haigawanyike vile.

Tuseme komini inajenga shule na zile 15 zake. Ukuta mzuri, mabati inangʼaa. Lakini mshahara wa mwalimu unatoka Kinshasa: bila namba ya matrikule, hakuna mshahara. Barabara ya kufika pale inaweza kuwa ya jimbo. Na tangu 2019 shule ya msingi ya Leta ni ya bure. Basi mwalimu atakula nini? Mwisho wanarudia kwa mzazi, na huyu mzazi njo ule anatoka mgodini na mfuko mutupu.

Katiba, artikle 200, inaomba Rais na magavana wakutane mara mbili kwa mwaka, isipunguke. Hiyo ni kule juu. Huku chini pia burgumestre, jimbo na wakubwa wa elimu wakae meza moja mbele ya tofali la kwanza, hapana kisha.

Kwa hiyo, siku wanakuja kuweka jiwe la msingi, tusipige makofi tu. Tuulize: mwalimu ameisha kuandikwa? Barabara ni ya nani? Bajeti imebandikwa wapi tuisome?

Shaba yenye imetoka mu udongo wetu hairudie tena. Darasa yenye itabakia nafasi yake, ikuwe na mwalimu ndani.